Taa Nyekundu ya Ngazini

Mwaka ule wa njaa tulikula sima ya unga wa njano mpaka tukaisahau nyeupe. Nimeukumbuka leo kwa sinema ya mjukuu wangu: chombo cha angani kimeharibika, na humo ndani taa zote nyekundu, tena hafifu.

"Nyanya, mbona hawawashi taa kali wapate kuona?"

Mwaka ule baba yangu, baharia, alishuka melini bandari ya Mbaraki na kandili ya kioo chekundu. Mama akaitundika ngazini, nyumbani kwetu mtaa wa Kuze, ngazi ikanuka mafuta ya taa na udi. Shangazi yangu akaja juu.

"Wifi, taa nyekundu? Watu watasema nyumba hii yauza nini?"

"Waseme. Melini huwasha hii ili macho yasisahau giza. Taa nyeupe yakupofua."

"Hapa si melini. Itoe."

"Taa yangu siitoi."

Baada ya magharibi umeme ukakatika. Shangazi alitoka kwenye globu kali ya sebuleni, akawa apapasa ukuta kama kuku usiku. Sisi watoto tuliokaa ngazini tuliona mpaka paka wa uchochoroni, tukamshika shangazi mkono tukamteremsha. Alipofika chini akasema taa bado mbaya.

Nikamjibu mjukuu: "Nje kwao ni giza, mwanangu. Wayatunza macho yao."

Babake, mwanangu mwenyewe, kasimama ngazini chini ya kandili ile ile, globu nyeupe mkononi.

"Mama, kandili hii imezeeka. Niitoe?"

"Hata mimi nimezeeka. Taa yangu siitoi."