Uwanja wa Mahari Uliokatwa Mlimani

Mlima hauanguki bila kuchokozwa. Wetu aliuchokoza mwanangu, kwa sababu binti yake alikuwa anatolewa mahari.

Kwetu Kigali siku hiyo pande mbili hukaa zikitazamana, kila upande chini ya hema lake, na katikati panaachwa wazi wasemaji wachokozane kwa heshima. Sasa hapa mtaani kwetu Nyamirambo tambarare utaitoa wapi? Nyumba zimeng'ang'ania mteremko kama kuku kwenye ngazi. Basi mwanangu akachukua sururu, akaukata mlima nyuma ya nyumba mpaka ukasimama wima. Matete niliyopanda yashike udongo, akayang'oa. Udongo akaumwaga kwenye mfereji wa juu, ule tuliochimba na majirani siku ya umuganda, kazi yetu ya pamoja, ili maji ya mvua yapite kando.

"Maji yatapita wapi?" nikamuuliza.

"Mama, ni kiangazi. Tutauzibua baada ya sherehe."

"Mvua haingoji kualikwa."

Akacheka. "Ikija tutaipa kiti."

Upande wa bwana harusi wakafiwa, sherehe ikasogezwa mbele. Masika yakatukuta. Maji yalipokosa mfereji, mlima ukayanywa.

Asubuhi moja mvua ilikuwa inapiga mabati kama inadai mtu. Nikapanda juu, nikaona ufa. Mkono wangu ukazama hadi kiwiko. Chini, pale palipokatwa, udongo ulikuwa unatema maji mekundu. Nikashuka nikipiga kelele: "Tokeni! Tokeni wote!"

Mwanangu akatoka. Mjukuu wangu alibaki chumba cha nyuma, anakunja nguo zake za mahari.

"Bibi, ngoja kidogo, zitalowa!"

Nikampiga kofi. Akashika kitanda. Nikamkamata misuko, nikavuta. Akaniuma mkono, nikavuta tena. Tulipofika mlangoni fungu la misuko lilikuwa limebaki kiganjani mwangu, na damu.

Hapo mlima ukaja. Ulinguruma kama lori linamwaga mawe. Ukuta wa nyuma ukapasuka, mabati yakajikunja kama karatasi, kitanda kikatupwa nje kupitia dirisha, kimevunjika. Mbuzi wa jirani alilia mara moja tu.

Mwanangu alisimama kwenye tope, mdomo wazi. Nikaokota mpini wa jembe nikamshukia mgongoni.

"Mama, unaniua!"

"Mlima umekukosa. Mimi sikukosi!"

Majirani ndio walioninyang'anya ule mpini.

Siku hizi mfereji anauzibua yeye, kabla ya mvua, na matete yamerudi. Mahari tuliipokea uani kwa jirani, wageni magoti kwa magoti. Hakuna aliyekufa kwa kubanana.

Siku hiyo mjukuu wangu alifunga kitambaa kichwani. Pale nilipong'oa, nywele hazijaota mpaka leo.

"Bibi, umeniharibia kichwa," aliniambia mbele ya wakwe.

"Lakini unacho," nikamjibu.