Nilivyoshuka Kituo Kidogo

Asubuhi ile tulikuwa tunashusha mihogo. Treni ya Ruvu ilisimama Kituo Kidogo, nyuma ya Gerezani, na mimi na rafiki yangu Zuberi tukaanza kupanga magunia kwenye mkokoteni tuyapeleke sokoni Kariakoo. Mke wa Zuberi, Mwajuma, alikuwa anauza vitumbua kando ya dirisha la tiketi. Kituo chenyewe hakikuwa kitu: sakafu ya saruji, paa la mabati na benchi la mbao. Lakini ndipo tulipopatia riziki.

Stesheni masta akatoka na redio, akaongeza sauti. Nchi ilikuwa imevamiwa kule Kagera. Abiria wakamzunguka.

Zuberi alitua gunia. "Idi, tunaenda?"

Sote wawili tulikuwa mgambo. Nikamwambia tunaenda.

Tuliondokea palepale kituoni. Mwajuma alikuwa mjamzito. Alimfungia mumewe vitumbua kwenye gazeti, kisha akanigeukia mimi. "Shemeji, mrudi wote."

Mpakani kulikuwa na mvua na tope lisilokauka. Tulipita vijiji visivyo na mtu, milango wazi, masufuria bado yako mafigani. Wenzangu wengi wakisimulia vita husimulia risasi. Mimi vita vyangu vilikuwa tumbo. Nilianza kuhara damu, nikachafua suruali mbele ya kikosi kizima, na nyingine sikuwa nayo. Zuberi aliifua kwenye mfereji, akanivalisha ikiwa mbichi.

Mizinga ilipoanza nilishindwa kusimama.

Zuberi alinitoa handakini, akanibeba mgongoni. Niliona buti zake zikizama kwenye tope. Sikuona kingine.

Akanilaza ndani ya lori la wagonjwa.

"Panda na wewe," nikamwambia.

"Nipande, naumwa nini?" Akacheka, akarudi kwa wenzake.

Lori lilikuwa halijaondoka bomu lilipoangukia handaki letu.

Hakutoka mtu.

Nilikaa hospitali mpaka nikaweza kutembea, nikarudishwa nyumbani vita vikiwa bado havijaisha. Taarifa za Zuberi zilikuwa hazijafika. Mtaani walikuwa wamesikia tu kwamba kuna askari wanarudi, basi treni iliposimama Kituo Kidogo watu walikuwa wamejaa. Wanawake walinitandikia khanga nipite juu yake. Vigelegele vikapaa. Sikuwa na jeraha hata moja.

Mwajuma alikuwa mbele, mtoto mgongoni. Hakuniangalia mimi, aliangalia mlango nyuma yangu.

"Shemeji, mwenzio yuko behewa la nyuma?"

"Mwajuma, Zuberi hatunaye."

Vigelegele viliendelea, maana waliokuwa mbali hawakusikia. Mwajuma alikaza mbeleko ya mtoto. Kisha akaona miguu yangu inavyotetemeka. Akainama, akaokota begi langu, akajitwika.

"Twende, shemeji. Hata kusimama huwezi."

Akatangulia, mtoto mgongoni, mzigo wangu kichwani. Wasiomjua walidhani ni mke wangu, wakawa wanampongeza njia nzima. Nilitaka kumpokea lile begi. Sikuwa na nguvu. Niliinamisha uso mpaka nyumbani.

Baada ya arobaini nilimweleza yote, hata habari ya suruali. Aliuliza jambo moja tu.

"Alicheka?"

"Alicheka."

"Ndiye huyo," akasema, akajifunika uso kwa mtandio.

Kituo hakikudumu sana baada ya hapo. Mabehewa yalipungua, treni ya jioni ikaacha kusimama, kisha ya asubuhi nayo. Wakaziba dirisha la tiketi kwa matofali. Mwajuma akahamishia vitumbua vyake Mtaa wa Kongo. Siku hizi pale pana ghala la mabegi ya dukani, na nikiwaambia vijana kwamba hapa askari walipanda treni kwenda vitani, wananiambia, "Mzee, acha fiksi."

Wanaojua kwamba nilikwenda vitani huniita shujaa. Shekhe wetu aliwahi kuniambia ugonjwa hupangwa na Mungu, kwamba sina la kujilaumu. Nilimwitikia. Najua ni kweli. Lakini aibu haisikilizi hoja. Mtu mzima na afya yake alirudi kufa, na mgonjwa aliyejichafua akatandikiwa khanga.

Yule mtoto wa mgongoni, Zainabu, alipoolewa, kwao Zuberi hapakuwa na mwanamume aliyebaki. Mwajuma na shekhe wakaniomba mimi nimwozeshe. Nilipotaja jina la baba yake mbele ya watu sauti ilinikatika, wakadhani ni furaha.

Kaburi la Zuberi sijui liliko. Wajukuu zake wapo hapa Kariakoo, wanakuja kwangu kila sikukuu ya Idi, wananipa shikamoo, wananiita babu. Mtoto akikuita lazima uitike. Basi naitika, na kila nikiitika naona aibu.