Bamba la Kaka Nyundo

Kwanza niseme ukweli: mimi sina breki mdomoni. Utotoni mama akinituma dukani, kabla sijarudi jirani wa tatu ameshajua tunapika nini. Sasa mtu kama mimi ukimpa siri aitunze mwaka mzima, unamtesa. Kaka yangu alinitesa hivyo, na siku siri ilipotoka haikutokea mdomoni mwangu. Ilitokea mbele ya watu elfu mbili.

Kaka ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Watu wote wanamwita Nyundo, hata mama, ila akimkasirikia ndipo hulitaja jina alilompa mwenyewe. Ana miaka kumi na tisa katika gereji ileile, kona ileile, karibu na tangi la maji. Mlango ukija umebonyea, mafundi wengine huukodolea macho. Yeye huyafumba. Huweka kiganja cha kushoto upande wa nje, anagonga kwa ndani taratibu, na kiganja kinamwambia wapi bado. "Jicho linadanganywa na rangi," husema. "Mkono haudanganywi." Mimi nashona viti vya magari chumba cha pili, ukuta kati yetu ni bati tupu, kwa hiyo miaka yote hiyo nimeshona kwa mapigo yake.

Bendi yetu ilizaliwa kwa ajali. Mwalimu wa kemia wa sekondari ya jirani aliligonga geti la shule yake mwenyewe akirudi nyuma, na hakutaka mkuu wa shule alione gari siku ya Jumatatu. Basi Jumapili akaja kumbembeleza Nyundo. Gereji imefungwa, tuko sisi watatu tu. Akakaa juu ya tairi, akatoa gitaa kwenye buti, akaanza kulikwaruza kwa hasira na kuimba kuhusu lile geti. Sauti mbaya, jamani! Sauti ya mtu anayegombana na mpangaji. Lakini Nyundo alikuwa kwenye boneti, na nyundo ikaifuata ile sauti, ikaitangulia, ikaisubiri. Nikaacha cherehani. Nilikuwa na gitaa la besi la marehemu baba, limebaki na nyuzi tatu, nikalitoa kabatini nikakaa nao. Tulipomaliza hakuna aliyempongeza mwenzake. Mwalimu aliuliza tu, "Jumapili ijayo saa ngapi?"

Tukajiita Kutu, Nyundo akahamia kwenye ngoma, na mazoezi yakawa palepale gereji. Ilikuwa roki, lakini si roki ya kupendeza. Onyesho letu la kwanza lilikuwa harusi ya fundi umeme wa gereji, na wimbo wa pili haujafika katikati, shangazi wa bwana harusi akaja mpaka mbele kuuliza kama jenereta limeharibika. Tukatolewa kwa heshima, yaani tulipewa sahani zetu tukalie nje. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Wamesikia. Hilo ndilo muhimu." Baadaye wanafunzi wa chuo wakatualika, mmoja akaurekodi ule wimbo wa "Geti" kwa simu, ukaruka kutoka simu hadi simu, na asubuhi moja nikausikia redioni katika gari la mteja nikiwa nimelala chali chini ya kiti chake, sindano mdomoni. Kidogo niimeze.

Mwalimu alikuwa na maneno mawili. La kwanza, "Sirudii." Darasani anasema mara moja, aliyekosa amekosa, na kwenye bendi vilevile. La pili, "Bendi si hisani." Shemeji yake mwenyewe, kaka wa mkewe, alikuwa akitupigia kinanda. Alichelewa mara mbili, Mwalimu akamfukuza, na mkewe akamnunia mwezi mzima. Hakumrudisha ng'o! Kwa hiyo ukifanya kazi na mtu wa namna hiyo, unajua umekaa kwenye kiti cha moto.

Siri niliigundua kwa ufagio. Ngoma za Nyundo na spika ya besi yangu vilikaa juu ya bamba moja la chuma, nene, upana wa kitanda, lililoachwa na fundi fulani aliyehama. Siku moja kabla ya mazoezi nikaishusha spika ili nifagie, nikaisahau sakafuni. Tulipoanza, kaka yangu, yule ambaye hata akigonga msumari anagonga kwa vipimo, akapotea. Alikuwa anapiga kitu kingine kabisa. Mwalimu akamfokea. Mimi nikamtazama miguu: peku, unyayo wa kushoto umebanwa kwenye bamba, vidole vinapapasa. Nikairudisha spika juu ya chuma. Papo hapo mtetemo wa besi ukampanda unyayoni, akakaa sawa.

Mwalimu alipoondoka nikasimama nyuma yake nikamwita. Nikamwita tena. Nikalitaja lile jina la mama. Wapi!

"Tangu lini?" nilimuuliza alipogeuka.

Akanitazama midomo. Hapo ndipo nilipojua kwamba siku nyingi ananitazama midomo, si macho. "Sikio la kulia limekwisha," alisema. "La kushoto daktari anasema limebaki kidogo. Kelele za nyundo ndizo zimeyala. Nikiliziba naweza kulilinda."

"Si uzibe!"

"Nikiziba Mwalimu ataniuliza kwa nini mpiga ngoma ana pamba masikioni. Nitamjibu nini? Atamtafuta mwenye masikio, na atakuwa na haki." Akanishika mkono. "Mdogo wangu, gari nalinyoosha linarudi kwa mwenyewe. Maisha yangu yote sina kitu changu ila hiki. Ukisema, umenizika."

Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Nilimwambia hivyo, akaniambia kilio kije kwa wakati wake. Nikaapa, nikameza wembe wangu. Tangu siku hiyo kila tulipokwenda kupiga tulilibeba lile bamba, mimi huku yeye kule, tunatweta. Mwalimu alidhani ni uchawi. "Hirizi yenu imepanda gari?" alikuwa akiuliza, na mimi nacheka kicheko cha uongo. Na kila wiki niliona kaka anapiga masikio wazi, anachoma kile kidogo kilichobaki ili asiulizwe swali. Nilikuwa namwonea huruma, na nilikuwa nataka kumzaba kibao, vyote kwa pamoja.

Ndipo tukaitwa kwenye tamasha la bendi, ukumbi mkubwa wa jiji, mchana, na redio inarusha moja kwa moja. Bendi sita. Mwalimu alitutazama mmoja mmoja akasema, "Hapa ndipo watu wanapojulikana au wanaposahaulika. Atakayeharibu asinisubiri nimfukuze, aende mwenyewe." Alisema mara moja, kama kawaida yake.

Asubuhi ya siku yenyewe tukaenda gereji kuchukua bamba. Ukutani pale lilipoegemea palikuwa patupu.

"Bosi!" niliita mpaka sauti ikakatika. Bosi wetu akatoka na kikombe cha chai, anatabasamu. Jana jioni mteja alileta pikapu yenye sakafu iliyooza, anaihitaji haraka, na bosi akaona chuma kizuri kimekaa bure. Akakikata vipande viwili, akachomelea, akapaka rangi nyeusi.

"Kazi safi, nendeni mkaone!" alisema. "Na nyinyi si mastaa sasa? Mtapata jingine."

Ningekuwa na sindano yangu mkononi, siku hiyo tungeongea mengine. Lakini ningemlaumu nini? Gereji ni gereji. Chuma kisicho na mwenyewe ni sakafu ya gari la mtu. Nyundo alikwenda kwenye pikapu, akaweka kiganja juu ya ile rangi mbichi, akakiondoa cheusi. Nilimvuta pembeni nikamwambia tumweleze Mwalimu sasa hivi. Akatikisa kichwa. "Nitatazama vidole vyako," alisema. "Usitoke machoni pangu."

Tulipoingia ukumbini nikatazama chini kwanza. Jukwaa zima lilikuwa limetandikwa zulia, nene, jekundu, la kuzamisha kisigino. Ngoma zimewekwa nyuma katikati, mimi nimepangiwa kona ya kulia, hatua kumi kutoka kwake. Nikamwomba msimamizi anisogeze. Akasema kila mtu ana alama yake na taa zimeshapangwa. Nilimtukana kimoyomoyo mpaka babu yake.

Wimbo wa kwanza ulikwenda kwa macho. Nilimgeukia yeye muda wote, watu nimewapa mgongo, Mwalimu ananikata jicho. Jasho lilinitoka, lakini tulifika mwisho salama na ukumbi ukapiga makofi. Wa pili ulikuwa "Geti", ule waliokuja kuusikia. Unaanza Mwalimu peke yake, halafu besi, halafu ngoma. Na msimamizi wa taa, kwa kutupendezesha, akazima zote akaacha moja usoni kwa Mwalimu na nyingine machoni kwa Nyundo.

Nilimwona akikunja uso. Hakuwa ananiona. Hakuwa ananisikia. Chini yake ni zulia.

Akaingia mapema. Kisha akasita, akaingia tena, kasi. Mwalimu akageuza shingo, uso umemvimba. Watu wa mbele wakaanza kutazamana. Kaka yangu alikuwa anapiga, na unyayo wake wa kushoto unalisugua lile zulia, unalisugua, unatafuta kitu ambacho hakipo. Nilishindwa kumtazama. Na sikuona mwingine wa kumwokoa.

Nilitembea. Msimamizi ananipungia mikono, waya unakaza nyuma yangu, sijali. Nikapanda pale alipo, nikasimama nyuma yake, nikalilaza tumbo la gitaa mgongoni kwake, kati ya mabega, nikalikandamiza kwa nyonga zangu. Nikaupiga uzi mnene kwa nguvu zangu zote.

Alishtuka. Mapigo mawili hakupiga kitu. Kisha akafumba macho, kama anavyofanya kwenye mlango uliobonyea, akashusha mikono kwenye ngoma. Tukawa sawa. Si sawa tu, tulikuwa kitu kimoja mpaka meno yaliniuma. Watu walidhani ni mbwembwe, wakapiga mayowe, wakapanda juu ya viti. Mimi nilikuwa nalia kamasi linanitoka. Katikati ya wimbo nikamwona Mwalimu anatutazama, gitaa langu mgongoni mwa kaka, na macho yake yakashuka hadi kwenye ule mguu peku. Akajua.

Baadaye chumbani, nje watu wanaimba "Kutu! Kutu!", Mwalimu alifunga mlango.

"Tangu lini?"

"Zaidi ya mwaka," kaka alisema. "La kulia limekufa. La kushoto linakata roho. Nimekudanganya, Mwalimu. Ulisema atakayeharibu aende mwenyewe." Akaanza kuvaa viatu.

Mwalimu alitugeuzia mgongo. Aliliweka gitaa lake kwenye mfuko, akavuta zipu, na huku ameutazama ukuta akasema alichosema.

Nyundo aliinua kichwa kwangu. "Amesemaje?"

Nilikuwa nimesikia kila neno. Lakini safari hii breki ilipatikana, nikanyamaza. Nikamtazama Mwalimu mgongo, nikisubiri.

Akageuka. Akavuta kiti, akakaa mbele ya kaka yangu, magoti yakigusana, akainua uso wake kwenye mwanga. Na akasema polepole, midomo imefunguka vizuri:

"Nimesema, Jumapili tafuta bamba jingine. Nene kuliko lile. Na masikio uyazibe."

Kaka yangu alielewa. Mimi namjua, alielewa mara ile ile, niliona kifua kikishuka. Lakini alibaki na kiatu kimoja mkononi, machozi yanamtiririka, akasema, "Rudia."

Na Mwalimu akarudia.