Siku Mbuzi wa Mradi Alipokula Ratiba ya Wiki

Mkitaka kunicheka nichekeni tu, maana nimeshachekwa na watu wengi kuliko nyinyi, wakiwemo watoto hamsini wa darasa la nne waliokaa kwenye madawati yao wakinitazama nimeshika suruali yangu kwa nyuma kwa mikono yote miwili. Hata mke wangu sijawahi kumsimulia mpaka mwisho, huwa nikifika kwenye habari ya mbuzi nabadilisha mazungumzo. Leo nasema yote, aibu ni yangu mwenyewe, sikuazima kwa mtu.

Wakati huo nilikuwaga mwanachuo wa ualimu, chuo kimoja nje kidogo ya Bunda, miaka ile mibaya ya foleni, kabla mitumba haijaruhusiwa, sabuni unaisikia tu kwa watu, sukari ukipata kikombe unaificha ndani ya soksi (soksi zenyewe zilikuwa hazina kazi nyingine, viatu vilishaisha). Wenzangu wakanichagua katibu wa matangazo. Cheo hicho msikidharau jamani! Chuo kizima kilikuwa kinaishi kwa ubao mmoja uliokuwa kwenye baraza la bwalo, nani anaitwa ofisini, mdahalo lini, trekta linakwenda shamba la pamba lini, nani hajarudisha vitabu, yote pale. Kila Jumamosi karani wetu wa kupiga chapa, Bi. Zainabu, mama mmoja wa Musoma mjini mwenye ulimi mkali, alikuwa ananipigia ratiba ya wiki nzima kwenye karatasi moja, nakala moja tu, kwa sababu karatasi hazikuwepo na kaboni ilikuwa imetoboka-toboka mpaka ukiinyanyua unaona dirisha.

"Magesa mwanangu," aliniambia Jumamosi hiyo akigonga mhuri, "karatasi hii naitoa roho inaniuma. Ikipotea usije kwangu."

Nikamwambia Bi. Zainabu, mimi tena? Kitu kipotee mikononi mwangu?

Sasa, pini za ubaoni zilikuwa zimeisha siku nyingi, kwa hiyo utaratibu wetu ulikuwa ni miiba. Unakwenda kwenye migunga iliyo nyuma ya vyoo, unavunja miiba minne mirefu, unachomeka pembe nne za karatasi, umemaliza. Lakini siku hiyo nilikuwa nimevaa shati langu moja la kutokea, nakwenda Bunda mjini kuangalia mpira, na nikaona uvivu kuingia kwenye migunga lile shati linirudie limechanika. Nikapita jikoni. Nikakuta masalio ya uji wa muhogo chini ya sufuria, mzito, unanata vizuri kabisa. Nikachota kiganja kimoja, nikapaka nyuma ya karatasi, nikaibandika ubaoni pwaa! Ikakaa vizuri kuliko siku zote. Nikajiona mtaalamu, nikasema kumbe watu tunateseka na miiba bure.

Jumapili asubuhi natoka kanisani nikamkuta mbuzi mmoja wa mradi wa chuo amesimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele ameegemeza kwenye benchi la baraza, anatafuna. Hana haraka. Anatafuna halafu analamba ubao, anatafuna analamba, ule uji ulikuwa umemkolea. Nilipomfikia pembe ya mwisho yenye mhuri ndiyo ilikuwa inaingia mdomoni. Nikamkaba, nikatia vidole mpaka kwenye magego, nikaambulia kipande cha ukubwa wa stempu kilichoandikwa "wote mna" basi. Wote tuna nini, Mungu ndiye anajua.

Hapo ndipo ningekuwa na akili ningetembea hatua mia mbili mpaka nyumbani kwa Bi. Zainabu, nikapiga magoti nikasema mama, mbuzi amekula. Angenitukana, sawa. Angeniita majina, angeniambia ukoo wetu wote hatukulelewa, lakini saa hiyohiyo angeniambia ratiba ilivyokuwa, maana aliipiga yeye. Mimi nikaona aibu. Nikafikiria atakavyolisimulia hilo jambo kwa mpishi, mpishi kwa chuo kizima. Nikaenda stoo nikachana mfuko wa saruji, upande wa ndani ni safi, nikakaa bwenini na kalamu nikaanza kukumbuka. Jumatatu usafi wa mazingira, naam. Jumanne mdahalo, naam. Ijumaa ukaguzi wa mabweni, naam. Zikabaki Jumatano na Alhamisi, na yakabaki mambo mawili, mwaka wa pili wote kwenda kuchuma pamba, na mkaguzi kutoka Mwanza. Nikakuna kichwa. Nikajiambia hivi, mkaguzi ni mtu mkubwa, mtu mkubwa hawezi kuja Jumatano katikati ya wiki, lazima atakuja kuelekea mwisho. (Mwalimu mtarajiwa huyo anafikiri!) Basi nikaandika pamba Jumatano, mkaguzi Alhamisi. Safari hii nikabandika kwa miiba.

Na mkaguzi huyo hakuwa anakuja kututazama sisi sote. Alikuwa anakuja kwa mtu mmoja, dada Nyangeta. Huyu dada alikuwa ametuzidi umri, alifundishaga miaka mingi kule kwao Suguti bila cheti, wale walimu wa UPE, ule mpango wa kila mtoto asome, waliookotwa na elimu ya darasa la saba wakapewa chaki, na wanae watatu alikuwa amewaacha kwa mama yake anayeuza dagaa. Mwaka uliotangulia alianguka mtihani wa kufundisha kwa vitendo kwa sababu siku ya mtihani malaria ilimlaza chini. Akapewa nafasi moja ya kurudia, moja tu, akikosa anarudishwa nyumbani moja kwa moja, hata ile kazi ya bila cheti haipo tena. Kila mtu chuoni alikuwa anajua. Mimi mwenyewe nilikuwa namsikia kila jioni nyuma ya bweni lao anaifundisha mipapai somo la sehemu za mmea.

Wikiendi hiyo alikuwa Suguti kuona wanae. Amerudi Jumapili jioni, akasimama mbele ya ubao wangu, akaweka kidole kwenye neno Alhamisi, akashusha pumzi. "Afadhali," akasema, "nilidhani itakuwa Jumatano, kumbe nimepata siku moja zaidi ya kujiandaa." Mimi nimesimama pembeni pale natabasamu.

Na mnajua nilionywa? Jumatatu rafiki yangu Wambura akaniambia, "Magesa, mimi Jumamosi niliposoma pale ubaoni, nahisi mkaguzi alikuwa Jumatano." Nikamwambia wewe huwa unasoma ukiwa na njaa, macho yanaruka mistari. Akauliza mbona tangazo halina mhuri. Nikasema wino umeisha. Akakubali, kwa sababu miaka ile ukisema kitu chochote kimeisha watu wanakubali. Mkuu wa chuo na walimu karibu wote walikuwa Musoma kwenye mkutano tangu Jumatatu mpaka Jumanne usiku, Bi. Zainabu huwa hafiki bwaloni, basi uongo wangu ukalala usingizi mzuri siku tatu.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi trekta likatupakia mwaka wa pili wote kwenye tela, tukaenda shambani, kama kilomita nane hivi. Tumechuma, tumeimba, dada Nyangeta yuko mstari wa mbele, gunia kiunoni, anatenga pamba safi na fifi, ile yenye madoa, huku midomo inacheza, nikajua anajifundisha. Saa nne na nusu nikaona baiskeli inakuja kwa kasi katikati ya matuta. Ni mlinzi wa chuo, jasho linamtiririka.

"Nyangeta yuko wapi? Mkaguzi amekaa darasani shule ya mazoezi toka saa tatu na nusu! Mkuu wa chuo yuko pale, watoto wako pale, mwalimu hayupo! Anasema saa sita anaondoka kwenda Tarime!"

Dada Nyangeta hakupiga kelele. Alikaa chini palepale kwenye tuta, gunia bado limefungwa kiunoni, akasema kwa sauti ndogo, "Mbona imeandikwa kesho?" Halafu akanitazama. Sijui kwa nini alinitazama mimi kwanza, labda kwa sababu wengine wote walikuwa wanamtazama mlinzi na mimi natazama ardhi.

Nikasema, "Dada, ni mimi. Nimeandika kwa kukisia."

Nilitaka anipige. Angenipiga ningeshukuru. Yeye akasimama, akang'oa mpamba mmoja na mizizi yake, na maua yake, na vitumba vyake, akasema, "Chukua baiskeli."

Jamani, kilomita nane za vumbi, mimi nakanyaga, yeye nyuma kwenye keria amekumbatia mti wa pamba, na njia nzima namsikia mgongoni, "Watoto, hii inaitwaje? Mzizi. Mzizi una kazi gani?" Sauti inatetemeka kwa mashimo na kwa kilio alichokibana. Mnyororo ukatoka mara mbili. Mara ya pili nikachuchumaa kwa haraka kuurudisha na suruali yangu ya pekee, iliyokuwa imeshonwa mpaka uzi ukawa mwingi kuliko kitambaa, ikasema rrrraaa kutoka kiunoni mpaka chini. Sikusimama hata kuangalia. Nilijisikia upepo tu.

Tukaingia darasani saa tano na robo. Mkuu wa chuo amesimama dirishani uso umekunjamana, mkaguzi, bwana mmoja mrefu mwenye miwani, amefunga faili lake liko mapajani. Dada Nyangeta ana pamba kwenye nywele, vumbi mpaka kwenye kope. Mimi nikarudi kinyumenyume mpaka ukutani, mikono nyuma, mnajua kwa nini.

"Shikamooni," akasema dada Nyangeta, akainamisha kichwa.

"Chuo hiki hakisomi barua?" mkaguzi akauliza. "Nani mwenye kosa?"

Dada Nyangeta akaukumbatia mpamba wake. Ndugu zangu, angeweza kunyoosha kidole. Hakunyoosha, na mkaguzi akaanza kusimama na faili lake, na hapo ndipo nikasikia mdomo wangu unasema kwa sauti kubwa kama niko paredi:

"Mzee, kosa ni langu! Ratiba ililiwa na mbuzi!"

Darasa zima likalipuka. Mtoto mmoja wa benchi la nyuma, aliyekuwa upande ambao ukuta haukunisaidia, akaongeza, "Na suruali pia ililiwa!" Wakacheka mpaka wengine wakalala kwenye madawati. Mkuu wa chuo akasema, "Magesa, unafanya mzaha mbele ya mgeni?" Ikabidi nieleze mbele ya wote, uji, benchi, mfuko wa saruji, na jinsi nilivyoona mtu mkubwa hawezi kuja Jumatano. Kila nikisema neno wanacheka upya, na mimi machozi yananitoka, nikasema, "Mzee, dada huyu hana kosa hata moja, alikuwa tayari, mimi namsikia kila siku anafundisha mipapai. Nifukuzeni mimi."

Mkaguzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaangalia saa. "Nina dakika arobaini," akasema. "Mwalimu, endelea. Na wewe toka nje, utazame ukuta."

Nilikaa nje chini ya dirisha. Nilimsikia sauti yake mwanzoni inakwama, nikafumba macho, halafu akauliza, "Nani kwao wanalima pamba?" na watoto wote wakajibu mimi, mimi, mimi, na baada ya hapo sauti haikukwama tena.

Mkuu wa chuo hakunivua cheo. Afadhali angenivua! Aliamuru kwamba mpaka namaliza chuo, kila tangazo nitalisoma kwa mdomo, nikisimama kwenye mlango wa kila bweni, na jikoni, na ofisini kwa Bi. Zainabu, ambaye kila nikimaliza alikuwa ananiuliza kama nimeshiba. Wenzangu nikikohoa tu kabla ya kusoma wananijibu "meee!" Nimelia kwa siri, sitawaficha. Kilichokuwa kinaniumiza si kelele zao. Ni kwamba dada Nyangeta yeye hakuniita mbuzi hata siku moja, ananisalimia vizuri, na majibu yake hayajaja.

Yakaja wiki ya mwisho ya muhula. Bi. Zainabu akanipa karatasi mkononi bila kusema neno, na yeye si mtu wa kukaa bila neno. Nikaanza na bweni la wanawake. Dada Nyangeta alikuwa anafua kwa majani ya mpapai, akasimama, mikono inachuruzika maji. Nikasoma. Nyangeta, mtihani wa kufundisha kwa vitendo, amefaulu.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Tena. Polepole."

Mara ya tatu sauti yangu ikakatika katikati ya jina lake. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaichukua ile karatasi, akaisoma mwenyewe kidole chini ya kila neno, mdomo unatembea, mpaka kwenye mhuri. Halafu akakaa kwenye kizingiti, akalia kwa sauti, wenzake wakamzunguka na vigelegele. Mimi nikabaki nimesimama pale katibu wa matangazo sina hata pa kuweka mikono. Alipotulia akanirudishia karatasi.

"Magesa," akasema, "nimekusamehe kabisa. Lakini habari yangu yoyote, kuanzia leo, nitaisoma mwenyewe."

Na mimi nikaapa palepale. Mpaka leo, na mvi hizi, nikisahau kitu nakwenda kuuliza, hata kama wa kuulizwa ananidharau, hata kama nitauliza mara mbili nionekane mjinga. Kukisia maisha ya mtu mwingine sikisii tena.