Ng'ombe wa Mama Chebet na Swali Langu la Siri

Leo nimegundua swali langu la siri halina siri hata kidogo.

Mnajua ile programu ya barua niliyoandika kwa kompyuta za duka langu la intaneti hapa Kericho mjini. Ukisahau neno la siri, inakuuliza ng'ombe unayempenda anaitwa nani. Nilijiona mjanja sana.

Asubuhi Mama Chebet amekuja. Humwandikia binti yake, Chebet, aliye ng'ambo.

"Neno langu limekataa. Kuna mtu amelibadilisha."

Sasa, ng'ombe wake ni Malel. Kila jioni akikamua anamwita kwa sauti, na majirani wote kijijini kwao Kabianga wanasikia. (Nyinyi mngeuliza swali gani? Niambieni, nimeishiwa.)

Nikampa neno jipya, nikamwambia yameisha.

Hayakuisha. Kompyuta ya dirishani ilikuwa bado imefungua barua zake. Programu yangu haimtoi mtu aliyeingia kwa neno la zamani. Hilo ni kosa langu, sijitetei.

Na aliyeketi pale, akificha skrini kwa kofia, ni mzee wake, baba yake Chebet.

"Unaenda hospitali na huniambii," mzee akasema polepole. "Chebet anajua. Mimi nikiuliza, unasema uko sawa."

Nikajifanya natengeneza printa.

Mama akaniambia, "Mtoe huko ndani ya barua zangu." Nikamtoa.

Akavuta kiti karibu na mzee.

"Angalia kando kwanza," akamwambia, akaandika neno lake jipya.

"Haya, geuka. Nitakusomea mwenyewe."