Nati Iliyokuwa Mfukoni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ngo! Mlio mzito, kama kengele iliyoangukia udongo. Nilikuwa nyuma ya nyumba, kata ya maji mkononi, sijaona chochote bado. Kisha sauti ya Mama Feza ikiniita: "Ramazani! Kuya mbio!"

Ilikuwa miaka ya vita, hapa hapa Kindu. Papa Asani, mume wa Mama Feza, ndiye fundi aliyenifundisha kazi. Alikuwa na gari moja la zamani, na gari hilo ndilo lililowalisha, kwa kubeba watu kwenda Kalima. Asubuhi ile tulisikia kwamba wenye bunduki wanapita kila mtaa wakichukua magari. Nikadhani tutalikimbiza. Yeye akasema tulivunje. Tukatoa injini nzima, tukaiweka juu ya magogo, akanionyesha volani, lile gurudumu zito la chuma linaloshikwa nyuma ya injini na nati moja kubwa.

"Betri wanayo, buji ya kuwasha moto wanayo," akasema. "Volani ingine ya gari hii haiko Kindu muzima. Tutoe hiyo, tuifiche."

Nilichanganyikiwa. Nani huokoa kitu kwa kukivunja?

Nayo volani ilikataa. Ilikuwa imeng'ang'ania mahali pake miaka mingi kuliko umri wangu. Papa Asani akalegeza nati, akaiacha kwenye nyuzi za mwisho, akafunga kivutio, kile chuma chenye miguu na skrubu cha kung'olea. "Kaza, gonga, ngoja," akasema. "Na nati usiiguse." Akaenda kuswali alasiri.

Ngoja? Wenye bunduki wako njiani, halafu ngoja? Damu ya ujana, mwanangu, haina breki. Niliona ile nati ndiyo inayozuia. Nikalegeza kivutio, nikaitoa nati, nikaitia mfukoni, nikakaza tena kwa nguvu zangu zote, nikagonga. Kimya. Nikaenda kunywa maji. Haraka haraka haina baraka, twasema, na mara nyingi twasema maji yakiwa yamekwisha mwagika.

Papa Asani alirudi, akasimama mbele ya volani, ndipo volani iliporuka yenyewe. Nati ingeidaka. Volani ikamwangukia mguuni: ndiyo ile ngo!

"Nati iko wapi?" akaniuliza, meno yameumana.

"Iko mu mufuko, Papa."

Akauonyesha mguu wake. "Basi leo muguu yangu njo ilikuwa nati."

Gari la kumpeleka kwa muuguzi lilikuwa pale, matumbo nje. Nikamsukuma juu ya baiskeli kwenda na kurudi.

Jioni wale wenye bunduki wakaja. Mama Feza alikuwa amekalia volani, kikwembe chake kimeifunika yote, anatwanga sombe, majani ya muhogo, kana kwamba dunia ina amani.

"Moteri iko namna gani hii?" mmoja akauliza.

"Ilikufa, mukubwa," Papa Asani akajibu, mguu umefungwa vitambaa vyenye damu.

Mkubwa wao akacheka. "Fundi gani weye? Unauwa gari, unajiuwa na muguu!" Wakaondoka na kuku wawili wa Mama Feza.

Sijui kama waliamini injini au waliamini mguu. Hadi leo, mvi zimenijaa, na lile gari, lililokuja kuwa langu, bado linanguruma uani kwangu, sijui. Kosa langu lilimfanya mtu atembee kwa fimbo hadi kufa kwake, na huenda kosa hilo hilo lilimwokolea gari. Usiniombe nikufumbulie. Nijualo ni hili: kitu kilichokwama, kiwe chuma, kiwe ndoa, kiwe ndugu aliyekununia, kivute, lakini kiwekee cha kukidaka kitakapoachia. Na aliyekutangulia akikuambia ngoja, ngoja. Kutoelewa kwako si ruhusa ya kutoa nati.

Mungu akupe mikono yenye nguvu, na moyo usiotangulia mikono. Dua hiyo Papa Asani aliniombea magharibi ile, kiganja chake kichwani pangu. Kisha akanionyesha volani ndani ya gunia.

"Peleka Kailo, mu shamba ya mama yako. Weye njo utaichunga."

Mimi? Mimi niliyemvunja mguu? Nati akanidai, akaibakiza kwake. Nikajitwika gunia, nikatoka, sijui kama nimefukuzwa au nimeaminiwa, na nyuma yangu Mama Feza akafunga mlango.