Diski Mpya ya Kabatini

Katika redio moja ya Kibaha nilitunza seva, kompyuta ya kuhifadhi vipindi, yenye diski kadhaa zilizounganishwa kuwa hifadhi moja. Ikifa moja, kazi inaendelea. Zikifa mbili, vipindi vyote vinapotea. Ya kwanza ilikufa nikiwa kijijini Kurui, tunamzika mama. Nikampigia mwenzangu aweke mpya iliyokuwa kabatini.

“Nimeshaweka, kaka. Wewe mzike mama.”

Nikawaambia ndugu zangu kwamba kazini nina mtu.

Niliporudi, ikafa ya pili. Kufungua seva, nikakuta ile mbovu bado imo.

“Mpya iko wapi?”

“Nyumbani, kwenye kompyuta yangu. Sikujua nyingine itakufa.”

Bosi alinifokea mbele ya mwenzangu. Nilisubiri mwenzangu aseme kwamba diski aliichukua yeye. Aliendelea kuchezea simu.